Faiba, Mnara au Dishi: Kupima Intaneti ya Nyumbani Kabla ya Kulipa

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya Mbuga za Kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wakazi wako katika sehemu iliyobaki: Voi kando ya barabara kuu, Mwatate, Taveta, miteremko ya Wundanyi, Werugha na Mgange, na vijiji vya mbali kama Kasigau na Maktau. Hali hiyo ya ardhi ndiyo inayoamua, kabla ya bei na kabla ya tangazo lolote la redio, ni intaneti ya aina gani inayoweza kuingia nyumbani kwa mtu.

Siku hizi intaneti ya nyumbani si anasa. Vyeti na leseni huombwa kupitia eCitizen, wanafunzi huchagua kozi za vyuo kwenye mtandao wa KUCCPS, ushuru huwasilishwa kwa KRA mtandaoni, na vijana wengi wanatafuta kazi za kufanywa kwa kompyuta. Siku ya mwisho ya maombi haimsubiri mtu ambaye ruta yake inazungusha duara tu. Tena pesa inayolipwa kila mwezi kwa huduma isiyofaa hairudi. Kwa hivyo yafaa mkazi aelewe anachouziwa kabla ya fundi kupanda ngazi.

Waifai si intaneti

Watu wengi husema "nimeweka waifai" wakimaanisha wamenunua intaneti. Hayo ni mambo mawili. Waifai ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta hadi simu, televisheni au kompyuta, umbali wa mita chache ndani ya nyumba. Intaneti ni kile kinachoifikia ruta kutoka nje. Kinaweza kufika kwa waya wa faiba, kwa mawimbi ya mnara wa simu, kwa antena iliyo juu ya paa, au kwa dishi linalotazama setilaiti.

Tofauti hii ina faida yake siku ya matatizo. Ikiwa simu inafanya kazi vizuri karibu na ruta lakini chumba cha nyuma hakuna kitu, shida ni waifai, na kulipia kifurushi kikubwa zaidi hakutasaidia. Ikiwa hata karibu na ruta mambo ni yale yale, kasoro huenda iko nje. Kuna kaya ambazo zimehama kampuni mara mbili kwa sababu ya ukuta wa mawe uliokuwa katikati ya sebule na chumba cha watoto.

Waya unapofika getini

Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake mengi na ulimwengu. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na kutoka hapo njia za faiba zinazokwenda Nairobi hupita Voi. Ndiyo sababu mji ulio kando ya barabara kuu hupata huduma hii mapema, na kijiji kilicho kilomita 30 ndani kikabaki kusubiri.

Ubora wa faiba unatokana na jambo moja rahisi: mwanga umo ndani ya waya. Kilima hakiuzuii, mabati hayaurudishi nyuma, mvua haiupunguzi. Jirani akianza kutazama mpira saa tatu usiku, anagusa tu sehemu yake ya njia. Ni kweli kwamba waya mmoja mkuu hugawanywa, mara nyingi kwa nyumba 32 au 64, lakini waya huo hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde. Kampuni isipojaza wateja kupita kiasi, mgao huo unatosha.

Kwa hivyo faiba ikifika getini, na kampuni ina fundi anayeishi karibu, mjadala mwingi umekwisha. Mkazi achukue faiba. Sababu za kuikataa ni chache: mtu asiye na uhakika wa kukaa katika nyumba hiyo miezi mitatu ijayo, au anayetumia intaneti kidogo sana kiasi kwamba bando la simu lamtosha.

Lakini mbona haifiki? Kampuni huhesabu nguzo na wateja. Ploti moja ya Voi yenye nyumba 20 hulipa gharama ya waya kwa haraka. Boma kumi zilizotawanyika kwenye mteremko wa kilomita tatu, penye mwamba usiochimbika kwa jembe, hazilipi. Hapo wakazi wana nafasi ndogo ya kubadilisha hesabu hiyo. Maombi ya mtu mmoja hayana uzito, ilhali orodha ya majina ya kaya 15 au 20 za mtaa mmoja, pamoja na shule au zahanati iliyo jirani, humpa mtu wa mauzo kitu cha kupeleka kwa wakubwa wake.

Faiba nayo ina adui zake. Trekta la barabara hukata, lori lililobeba mzigo mrefu huvuta, mti huangukia nguzo. Waya ukikatika, hakuna cha kufanya ila kungoja fundi mwenye mashine ya kuunganisha kioo. Ndani ya nyumba, kisanduku cha faiba kina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki, na kuzima na kuwasha ruta mara kumi hakutauleta. Anayepiga simu kuripoti aanze na hilo: "Taa ya LOS ni nyekundu tangu saa kumi na mbili asubuhi." Sentensi hiyo humwepusha na robo saa ya maswali. Aangalie pia kama waya mwembamba wa nyuma ya kabati umekunjwa, maana kioo hakipendi kona kali.

Mpangaji apate kwanza ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya ukuta kutobolewa, ikiwezekana kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Ugomvi wa tundu la ukutani umewahi kula pesa ya amana.

Mnara na kilima

Pale waya unapokoma, chaguo la kawaida ni ruta ya laini ya simu, iwe ya 4G au 5G. Haichimbiwi mtaro, huwekwa mezani siku hiyo hiyo, na mpangaji akihama huibeba mkononi. Hizo ni faida za kweli.

Udhaifu wake ni kwamba mnara ni wa wote. Kila simu iliyo chini yake, kuanzia ya mwendesha bodaboda stejini hadi ya mwanafunzi bwenini, hugawana nafasi ile ile. Ndiyo maana ruta inayokimbia saa nne asubuhi huanza kutambaa saa mbili usiku. Na katika Milima ya Taita kuna jambo la pili. Kilele cha Vuria kiko mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na kati ya vilele na mabonde mawimbi hupata vikwazo vingi. Nyumba mbili zilizo umbali wa mita 200, moja mgongoni mwa kilima na nyingine usoni, zaweza kuwa na intaneti tofauti kabisa kutoka kwa mnara ule ule. Ushuhuda wa jirani kwamba "hapa inashika vizuri sana" hautoshi.

Kipimo ni rahisi na ni bure. Mkazi atafute simu yenye laini ya kampuni anayoifikiria, aende mahali hasa ambapo ruta itakaa, kisha afungue mipangilio ya simu, sehemu inayoeleza habari za simu na hali ya laini. Katika simu nyingi za Android ataona nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa, na herufi dBm. Kadiri namba inavyokaribia sufuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, kutoa 85 ni nzuri, kutoa 100 ni ya kuvumilia, na kutoa 115 ni dalili kwamba ruta itasumbua. Asogee dirishani, apande ghorofani, atoke nje ya mabati, aone namba inavyobadilika. Hapo hapo apime kasi kwa programu ya kupimia: asubuhi, adhuhuri, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kipimo cha usiku ndicho cha kuaminiwa, kwa kuwa ndio wakati familia iko nyumbani.

Ikiwa namba ni nzuri nje na mbaya ndani, kuna ruta zenye antena ya kufungwa nje, ukutani au juu ya nguzo, kuelekea mnara. Hiyo mara nyingi husaidia kuliko kununua ruta nyingine ya bei kubwa na kuiweka pale pale penye giza.

Suala la bando linahitaji hesabu. Video ya ubora wa kawaida hutumia takriban gigabaiti 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hufika gigabaiti 3. Familia inayotazama saa mbili kila siku hutumia gigabaiti 60 kwa mwezi kwa ubora wa kawaida, au 180 kwa ubora wa juu, kabla hata mtoto hajafungua kitabu cha somo. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kiwango ambacho kikivukwa kasi hupunguzwa. Kiwango hicho kiko kwenye masharti, kwa maandishi madogo. Kiulizwe.

Antena ya paa

Katika miji kadhaa ziko kampuni ndogo zinazofunga antena kwenye paa la mteja ikitazamana na antena nyingine iliyo mlimani au kwenye jengo refu. Huduma hii yaweza kuwa nzuri sana, na bei yake mara nyingi ni nafuu kwa mtaa ambao faiba haijafika. Sharti lake ni kuonana: antena hizo mbili lazima zitazamane bila kizuizi. Mgrevilea uliopandwa mpakani mwaka huu, ukiwa bado chini ya paa, baada ya miaka michache utakuwa juu ya paa, na mteja atashangaa kwa nini intaneti inaharibika polepole.

Anayeuza huduma ya intaneti kwa umma anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Si aibu kuuliza leseni hiyo. Mtu anayegawa laini yake ya nyumbani kwa ploti nzima na kukusanya pesa kila mwezi hawezi kuwajibika siku itakapokatwa, na wateja wake hawatakuwa na pa kulalamika.

Dishi linalotazama mbinguni

Kwa Kasigau, Maktau na boma zilizo mbali na barabara, setilaiti imebadilisha mambo. Setilaiti za zamani zilikaa karibu kilomita 36,000 angani, na mazungumzo ya video yalichelewa zaidi ya nusu sekunde, kiasi cha watu wawili kukatizana kila mara. Starlink, iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti zilizo takriban kilomita 550 tu, kwa hivyo ucheleweshaji huo haupo tena kwa kiwango kile.

Dishi linataka anga wazi. Bonde jembamba au mparachichi mkubwa ulioinamia nyumba hutosha kukata mawasiliano kwa sekunde chache kila dakika kadhaa. Mtu anayesoma habari hatagundua, lakini anayefanya mahojiano ya kazi kwa video atagundua. Mvua kubwa nayo hupunguza nguvu. Na setilaiti pia hugawanwa: Novemba 2024 Starlink ilisitisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ya eneo hilo ilikuwa imejaa. Kijijini penye wateja wachache, hilo si tatizo la leo.

Gharama ya kuanza ndiyo huwazuia wengi. Majirani wawili watatu wanaotaka kuchanga wasome kwanza masharti ya kampuni, maana kifurushi cha makazi kwa kawaida ni cha kaya moja.

Stima

Hapa ndipo watu husahau. Kila aina ya intaneti hula stima, ila hazili sawa. Kisanduku cha faiba pamoja na ruta hutumia karibu wati 12. Vikiwashwa mchana na usiku kwa mwezi mzima, hiyo ni chini ya uniti 9 za tokeni. Dishi la kawaida la Starlink hutumia wati 75 hadi 100, yaani uniti 54 au zaidi kwa mwezi. Dishi lake dogo hutumia wati 25 hadi 40. Anayelinganisha bei za vifurushi bila kuongeza tokeni amelinganisha nusu ya bei.

Stima ikipotea, tofauti hiyo huonekana tena. Betri ndogo ya ruta, ile inayouzwa madukani kama UPS ndogo, ikiwa na uwezo wa wati-saa 60 itaendesha faiba kwa saa nne hivi. Dishi la kawaida litaimaliza katika muda usiofika saa moja. Nyumba inayotumia sola ndogo ya taa na simu haitaweza kuliendesha usiku kucha, na hili lifikiriwe kabla ya kununua.

Minara nayo ina betri na jenereta, lakini haina akiba isiyo na mwisho. Stima ilipopotea sehemu kubwa ya nchi tarehe 25 Agosti 2023, waliokuwa na betri nyumbani walijifunza kwamba ruta kuwaka si sawa na mtandao kuwepo.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadhoofika Kenya na nchi jirani. Wa faiba waliumia, na wa laini za simu waliumia vile vile, kwa kuwa mnara wenyewe hupata intaneti yake kupitia nyaya. Kwa hiyo anayeendesha biashara nyumbani na anataka njia ya akiba, asiweke laini mbili za kampuni moja. Faiba ya kampuni moja na bando dogo la simu la kampuni nyingine ni akiba bora.

Waya ndani ya nyumba

Hata aliyepata intaneti isiyotumia waya kutoka nje anaweza kutumia waya ndani. Televisheni na kompyuta ya mezani hazitembei, kwa hivyo hazina haja ya waifai. Waya wa etheneti kutoka kwenye ruta hufanya kazi hadi mita 100, na huwaachia simu nafasi yote ya hewani. Anunue ulioandikwa Cat 5e au Cat 6, wenye shaba kamili. Ule wa bei ya kutupa ulioandikwa CCA ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na huanza kusumbua mapema.

Waya wa etheneti unaotoka paani kuja sebuleni una hatari ya radi. Faiba ni kioo na haipitishi umeme, ingawa baadhi ya nyaya zake zina uzi wa chuma wa kuzishikilia kwenye nguzo. Wakati wa ngurumo, vifaa vya paani vichomolewe.

Kabla ya kutia sahihi

Neno la kuangalia kwenye tangazo ni "hadi". "Hadi megabiti 20" si ahadi ya 20. Tena megabiti si megabaiti: kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huteremsha megabaiti 1.25 kwa sekunde, hivyo faili ya megabaiti 100 itachukua sekunde 80 hata mambo yakiwa mazuri. Kwa nyumba ya watu wanne wanaotazama video na kusoma, megabiti 10 za kweli zinatosha kuliko 40 za kwenye karatasi.

Mteja amuulize mwakilishi mambo ambayo hayako kwenye bango. Ruta ni ya nani siku ya kuhama? Mkataba ni wa muda gani, na kuuvunja kunagharimu nini? Kasi ya kupakia ni ngapi, maana anayetuma kazi au kuongea kwa video huitegemea sana na matangazo huitaja mara chache? Fundi wa karibu yuko wapi, Voi au Mombasa? Siku ambazo huduma haipo, hulipwa? Majibu yaandikwe, au yatumwe kwa ujumbe wa simu.

Huduma ikishaingia, vipimo vya kasi vya wiki mbili za kwanza vihifadhiwe kwa picha za skrini, pamoja na tarehe na saa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora wa kutosha na ya kupewa taarifa anazohitaji. Lalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, na mteja aombe namba ya kumbukumbu. Asiporidhika na jibu, hulipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya akiwa na namba hiyo, risiti za malipo na zile picha.